Nyaya za zamani za sauti na picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekuta boksi la nyaya zilizosokotana, na pembeni yake deki ya kanda, kamera ya zamani, gramafoni au amplifaya ambayo bado ni nzima. Vifaa vingi vya aina hiyo hutupwa kwa sababu tu mwenye navyo hakujua waya upi unaingia wapi.

Nina rundo la nyaya na siujui hata mmoja. Nianzie wapi?

Anza kwenye ncha, na kila waya uuulize mambo matatu: unapitisha nini (sauti, picha au vyote viwili), ni wa analogi (mawimbi yanayopanda na kushuka mfululizo) au wa dijitali (taarifa za tarakimu), na unatoka kifaa kipi kwenda kipi. Umbo la plagi peke yake halitoshi. Plagi ileile ya RCA hubeba picha ya deki, sauti ya gramafoni na hata sauti ya dijitali, na kwa macho zote zinafanana. Kwa hiyo soma pia maandishi yaliyo kando ya tundu la kifaa chako. Penye OUT mawimbi yanatoka, penye IN yanaingia. OUT ya kifaa kimoja huenda kwenye IN ya kingine, na kosa linalowasumbua watu kuliko yote ni kuunganisha OUT na OUT kisha kulaumu waya.

Halafu pitisha kidole kwenye ganda la waya wenyewe ukitafuta maandishi. Ukiona 75 OHM, huo ulitengenezwa kwa ajili ya picha, antena au sauti ya dijitali.

Nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu ni za nini?

Njano ni picha, nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Mahali pa nyeupe wakati mwingine utakuta nyeusi, na kazi ni ileile. Plagi yenyewe inaitwa RCA kutokana na kampuni ya Marekani, Radio Corporation of America, iliyoitoa katika miaka ya 1930 ili kuunganisha gramafoni na redio. Picha ilikuja kuitumia baadaye sana.

Picha inayopita kwenye njano huitwa kompositi: mwangaza na rangi vimechanganywa vikapitishwa kwenye waya mmoja, kisha TV inajitahidi kuvitenganisha. Haifanikiwi kikamilifu, ndiyo maana unaona vidoa vinavyotembea kwenye kingo za rangi kali na maandishi madogo hayasomeki vizuri. Ni hali ya mfumo wenyewe, TV yako haina ubovu.

Rangi hizo ni alama tu. Ukiwa na waya wa nyeupe na nyekundu na unahitaji picha, chomeka nyeupe kwenye tundu la njano la deki na la njano la TV. Kwa umbali mfupi utapata picha.

Na za kijani, buluu na nyekundu?

Hizo ni komponenti. Kijani hubeba mwangaza na mapigo ya kuoanisha picha, buluu na nyekundu hubeba tofauti za rangi. Picha yake ni safi kuliko kompositi kwa mbali na inaweza kufika hadi 1080i, yaani kiwango cha HD, ingawa ni ya analogi. Haina sauti, kwa hiyo unahitaji pia nyeupe na nyekundu za sauti.

Hapo ndipo panapochanganya: waya wenye plagi tano una nyekundu mbili. Ukizikosea hakiharibiki kitu. Rangi za picha zitapotoka na spika ya kulia itatoa mlio wa ajabu. Zibadilishane tu, basi.

Nimechomeka njano, lakini picha inakuja nyeusi na nyeupe. Kwa nini?

Mara nyingi jibu liko kwenye menyu. TV nyingi za karibuni zimeunganisha tundu la njano na la kijani kuwa moja. Ukichomeka njano huku TV ikiwa imewekwa Component, inasoma mwangaza na kuacha rangi. Chukua rimoti, badilisha chanzo kiwe AV au Video.

Kama si hilo, angalia mfumo wa picha wa kanda, PAL au NTSC. PAL hutumia mistari 625 na mapigo 50 kwa sekunde, NTSC mistari 525 na karibu mapigo 60, na vinachukua rangi kwa namna tofauti. Kanda ya NTSC kwenye deki ya PAL, au kinyume chake, inaweza kutoa picha isiyo na rangi au inayokimbia juu na chini. Deki na TV zilizoandikwa mifumo yote miwili hazina shida hiyo.

Plagi ndogo ya duara yenye pini nne?

Hiyo ni S-Video. Inapitisha picha pekee, lakini mwangaza una njia yake na rangi ina njia yake, kwa hiyo inaipita kompositi. Ilienea kuanzia 1987 pamoja na deki za S-VHS, aina bora ya VHS. Kama kamera au deki yako ina tundu hili, litumie badala ya njano, na nyaya za sauti ziache palepale.

Pini zake ni nyembamba na hupinda mtu akilazimisha plagi gizani nyuma ya TV. Pini ya rangi ikipinda au kukosa kugusa, unabaki na picha nyeusi na nyeupe. Usiinyooshe kwa koleo, itakatika. Chukua kalamu ya wino iliyotolewa mrija, ingiza pini iliyopinda kwenye kitundu cha ncha yake, kisha isukume taratibu, kidogo kidogo, ukilinganisha na zenzake. Ikishanyooka, iache hivyo. Chuma kilichopinda mara mbili tatu hakina maisha marefu.

Hesabu pini kabla ya kuchomeka. Zikiwa sita, huenda ni waya wa kibodi au kipanya cha kompyuta ya zamani. Na hata nne si uhakika, kwani kibodi za kale za Apple zilitumia plagi ya umbo hilohilo. Angalia ncha ya pili inaenda kwenye nini.

Na ile ya duara kubwa zaidi, yenye pini tano?

Ni DIN, kiwango kilichotoka Ujerumani. Kwenye redio na rekoda za zamani za Ulaya hubeba sauti, mara nyingi ya kuingia na ya kutoka kwenye waya mmoja. Kuna waya za kuigeuza kuwa RCA, ila hakikisha ni ya kucheza au ya kurekodi, maana pini zinazotumika ni tofauti. Tangu 1983 plagi hiyohiyo imekuwa ikitumika kwenye kinanda cha umeme kwa MIDI, ambayo haipitishi sauti kabisa bali maagizo ya noti ipi ipigwe.

Hii plagi kubwa bapa yenye pini nyingi imeniwia vigumu.

SCART. Ilizaliwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaenea Ulaya nzima. Ina sehemu 21 za kugusana na inaweza kubeba sauti ya kuingia na kutoka, kompositi ya kuingia na kutoka, S-Video, na rangi tatu za RGB (nyekundu, kijani na buluu) kila moja na njia yake. RGB kupitia SCART ndiyo picha bora unayoweza kuitoa kwenye mashine nyingi za michezo za zamani na deki za DVD za zamani.

Neno la kuzingatia hapo ni *inaweza*. Nyaya nyingi za SCART hazikujazwa pini zote ili ziwe nafuu. Geuza plagi uitazame. Pini ya 7 ni buluu, ya 11 kijani, ya 15 nyekundu. Kama 7 na 11 hazipo, waya huo hauwezi kutoa RGB hata ufanye nini, na umri wa TV hauhusiki.

Adapta za kutoka SCART kwenda RCA nyingi zina swichi ndogo pembeni, IN na OUT. Ukikosa picha, sogeza swichi hiyo kwanza. Nasisitiza, kwa sababu watu wengi huishia hapo na kutangaza deki ni mbovu.

VGA na DVI nazo zinahusika?

Zinahusika kwenye kompyuta na projekta. VGA ina pini 15 katika safu tatu, ilitoka na kompyuta za IBM za 1987, ni analogi na haina sauti. DVI ni ya 1999. Kwenye DVI tazama ile pini bapa ya pembeni: ikiwa imezungukwa na pini nne ndogo, waya unapitisha analogi, ikiwa peke yake, ni dijitali tupu. DVI ya dijitali huenda HDMI kwa adapta ya kawaida. DVI yenye zile pini nne huenda VGA kwa adapta ya kawaida vilevile. HDMI kwenda VGA inahitaji kigeuzi chenye saketi ndani.

Nilinunua waya wenye HDMI upande mmoja na RCA tatu upande mwingine. Hautoi kitu. Una tatizo gani?

Tatizo ni kwamba uliuzwa. HDMI ni dijitali, RCA hizo ni analogi, na waya mtupu hauwezi kugeuza kimoja kuwa kingine. Nyaya hizi zimejaa sokoni na zinawapotezea watu wengi fedha na moyo. Unachohitaji ni kigeuzi, kijiboksi chenye saketi yake na umeme wake, mara nyingi wa USB.

Vigeuzi vina upande mmoja tu wa kwenda. Cha AV kwenda HDMI ni cha kuchukua deki ya zamani na kuipeleka TV mpya. Cha HDMI kwenda AV ni cha kuchukua kifaa kipya na kukipeleka TV ya zamani. Kwa nje vinafanana kama mapacha, kwa hiyo soma maandishi ya INPUT na OUTPUT kabla ya kulipa.

TV yangu mpya haina matundu ya rangi. Deki nitaiunganisha vipi?

Tazama kwanza nyuma na pembeni kama kuna kitundu cha milimita 3.5 kilichoandikwa AV IN. TV nyingi zilikuja na waya mfupi wa kutoka kitundu hicho kwenda RCA tatu. Kama waya huo umepotea, usichukue wowote unaofanana. Jeki ya aina hii ina sehemu nne za kugusana na watengenezaji hawakukubaliana nani akae wapi. Waya wa kamera moja unaweza kuingia vizuri kwenye TV nyingine na bado ukatoa vurugu.

Ukiwa na wa kubahatisha, ujaribu hivi. Ukisikia mlio mkali kwenye spika moja na picha haipo, picha imeingia kwenye njia ya sauti: hamisha plagi ya njano mahali pa nyekundu, kisha mahali pa nyeupe, mpaka picha itokee. Ikiwa kila mpangilio unaleta mvumo na picha inayotetemeka, basi ethi (njia ya ardhi) ya waya huo haiko mahali inapotarajiwa na TV, tafuta mwingine.

Kusipokuwa na kitundu hicho, tumia kigeuzi cha AV kwenda HDMI. Njia ya mwisho ni tundu la antena: deki nyingi za VHS zina RF OUT, na TV ikiwa bado na uwezo wa kutafuta chaneli za analogi, washa deki, cheza kanda, kisha iagize TV itafute. Picha itakuwa dhaifu kuliko njia nyingine zote.

Picha ikitokea, weka uwiano wa 4:3 kwenye menyu. Nyuso za wazee wetu hazikuwa pana kiasi hicho.

Jeki za vichwa vya sauti zina mistari myeusi. Ina maana gani?

Mstari mmoja ni mono, miwili ni stereo, mitatu ni stereo na maikrofoni, au sauti na picha kama tulivyoona juu. Jeki kubwa ya milimita 6.35 ilitokana na mitambo ya simu ya karne ya 19 na bado inatumika kwenye gitaa na amplifaya.

Hapa kuna hatari ya kweli. Waya wa gitaa na waya wa spika wanaweza kuwa na jeki hiyohiyo, lakini ndani ni vitu tofauti. Wa gitaa una uzi mwembamba uliozungushiwa wavu wa kinga. Wa spika una nyaya mbili nene, bila wavu. Ukitumia wa gitaa kati ya amplifaya na spika, waya utapata joto kali na unaweza kuiua amplifaya. Ukitumia wa spika kwenye gitaa, utapata mvumo tu. Fungua ganda la jeki uangalie. Linazungushwa kwa mkono.

Plagi ya pini tatu ya maikrofoni je?

XLR. Sauti hupita mara mbili, nakala moja ikiwa imegeuzwa, na kelele iliyoingia njiani hujifuta ikifika kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Ndiyo maana waya huu unakwenda makumi ya mita bila mvumo. Baadhi ya mikisa hupeleka volti 48 kwenye waya huohuo kwa ajili ya maikrofoni za kondensa; zima umeme huo kabla ya kuchomoa.

Nimeunganisha gramafoni kwenye amplifaya, sauti ni ndogo na haina besi.

Umeichomeka AUX, tundu la vifaa vya kawaida kama redio na deki. Kichwa cha gramafoni hutoa milivolti chache tu, na santuri zilikatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imeongezwa, kwa kanuni iitwayo RIAA iliyoanza miaka ya 1950. Tundu la PHONO hukuza sauti hiyo na kuirudisha kwenye uwiano wake. Kama amplifaya haina PHONO, weka kikuzaji cha phono katikati. Gramafoni nyingine zina kikuzaji ndani na swichi ya PHONO na LINE. Hizo ziweke LINE uchomeke AUX. Usitumie vyote viwili, sauti itapasuka.

Kile kijiwaya chembamba cha ziada chenye kichwa cha uma ni ethi. Kifunge kwenye skrubu ya GND. Kikiachwa kinaning'inia, mvumo hautakoma.

Kuna mvumo hata bila gramafoni. Nifanye nini?

Chomoa vifaa kimoja kimoja hadi ukome. Kilichouzima ndicho chenye tatizo, au waya wake. Jaribu waya mwingine, kisha chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, maana mvumo mara nyingi hutoka kwenye vifaa viwili vinavyopata ethi kutoka sehemu mbili tofauti. Ukishindwa, kuna transfoma ndogo za kutenganisha zinazowekwa kwenye waya wa sauti. Usikate pini ya ethi ya plagi ya umeme, hata kama fundi amekushauri. Pini hiyo inalinda uhai wako.

Na zima amplifaya kabla ya kuchomeka RCA. Pini yake ya kati hugusa kabla ya ethi, na ule mshindo unaousikia unaumiza spika.

Waya unaotoa mwanga mwekundu ni nini?

Ni TOSLINK, uliobuniwa na Toshiba mwaka 1983. Hupitisha sauti ya dijitali kwa mwanga. Vua kofia ndogo ya plastiki kabla ya kuuchomeka, na usiukunje kwa nguvu, maana uzi wa ndani ukivunjika haulehemiki. Kwa kuwa haupitishi umeme, hauleti mvumo. Ndugu yake ni RCA ya rangi ya chungwa. Ukiikosa, waya wa njano wa picha unafanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Kamera yangu ya MiniDV ina kitundu kidogo kilichoandikwa DV au i.LINK.

Usikidharau. Ni FireWire, na ndiyo njia bora ya kuitoa kanda hiyo, kwa sababu picha imerekodiwa kidijitali na inahamia kwenye kompyuta jinsi ilivyo, bila kupitia analogi. Kwenye kamera ni pini nne. Kwenye kompyuta za zamani mara nyingi ni sita. Ile ya pini sita hubeba pia umeme, kwa hiyo ukiilazimisha kinyumenyume unaweza kuiunguza kamera.

Kama una kanda za harusi, za mazishi, za mtoto akianza kutembea, zihamishe sasa wakati mashine ya kuzichezea bado inazunguka. Kanda za sumaku hupungua ubora kadiri miaka inavyokwenda, na deki nzima zinazidi kuadimika.

Nitajuaje waya ni mzima?

Chukua mita ya fundi, iweke kwenye alama ya mlio. Gusa ncha ya kati ya plagi moja na ya kati ya plagi ya pili: ilie. Gusa ganda la nje na la nje: ilie. Gusa kati na nje ya plagi moja: inyamaze. Ikilia hapo, waya umegusana ndani.

Usiishie hapo, kwa kuwa waya nyingi huwa nzima zikiwa zimetulia. Rudia kipimo cha kati kwa kati huku ukikunja waya pale unapoingia kwenye plagi, kushoto, kulia, juu, chini. Mlio ukikatika hata mara moja, umepata ugonjwa. Uzi umekatika kwenye shingo ya plagi, mahali ambapo watu hushika waya badala ya plagi wanapochomoa. Kata sentimita chache, lehemu plagi mpya, na waya utarudi kazini.

Plagi zimeota kutu. Nizisafishe kwa nini?

Spiriti ya asilimia kubwa, isiyo na manukato, na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kwenye matundu tumia kijiti cha pamba, kifaa kikiwa kimezimwa na kuchomolewa. Kutu nyepesi mara nyingine huondoka kwa kuchomeka na kuchomoa plagi mara kadhaa tu. Msasa uache, unakwangua kipako na kutu itarudi haraka zaidi.

Zenye dhahabu ni bora?

Dhahabu haishiki kutu, na faida yake ni hiyo tu. Picha haibadiliki. Nunua waya wenye wavu mzuri wa kinga na plagi inayobana.

Zipi nitunze, zipi nitupe?

Tunza kwanza zile zenye plagi ya ajabu isiyofanana na nyingine, hasa za kamera na mashine za michezo. RCA, VGA na antena zinapatikana kirahisi. Hizo maalumu kuzipata tena ni taabu. Kila moja ifunge na kifaa chake, na uandike jina la kifaa kwenye kipande cha utepe. Za kawaida bakiza mbili tatu za kila aina. Zilizopasuka ganda au zinazonata mkononi zitoe, ila kabla ya hapo kata plagi zilizo nzima, fundi atazihitaji.